Lini Nimwache Peke Yake? Jibu kwa Msimamizi Anayeandaa Mafunzo ya Wafanyakazi Wapya

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasimamia ghala la kampuni ya usambazaji. Tuko wafanyakazi 60 hivi, pamoja na madereva na watu wa ofisini. Mwezi ujao tunapokea wapya 8, na mkurugenzi amenikabidhi kazi ya kuandaa mafunzo elekezi yao, pamoja na mpango wa kuwanoa waliopo. Hadi leo utaratibu wetu ni wa siku moja: wapya wanakaa ukumbini, wanaonyeshwa slaidi za historia ya kampuni, kanuni na usalama, wanasaini fomu, kesho yake wanaingia kazini. Miezi mitatu baadaye bado wanarudia makosa yale yale, na wengine wanaacha kazi kabla ya kumaliza muda wa majaribio. Mkurugenzi anataka siku za ukumbini ziwe tatu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu.

Siku tatu za ukumbini hazitaponya kilichoishinda siku moja. Wapya wako waliambiwa mengi kwa mkupuo, mbali na kazi yenyewe, kisha wakaachwa. Hapo kwenye kuachwa ndipo pa kuanzia. Mafunzo ya kazi, ya mgeni au ya mzoefu, yana swali moja ambalo mwandaaji hapaswi kulikwepa: kwa kazi hii, mtu huyu, lini naweza kumwacha peke yake na nikaenda zangu moyo ukiwa umetulia? Mkurugenzi anauliza siku ngapi. Ukilijibu hilo la kwanza, la siku litajijibu lenyewe, na utashangaa kuona halifanani kwa watu wawili wala kwa kazi mbili.

Nalisema hili kwa uchungu. Ajira yangu ya kwanza ilikuwa ghalani. Nilipewa jalada nene, nikaambiwa nilisome mpaka saa sita, nikasaini ukurasa wa mwisho. Mchana nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akipokea mizigo. Hakuwa ameambiwa kwamba nakuja. Akanitazama, akasema, "Simama hapo, angalia, utazoea." Nikasimama siku nne. Siku ya tano yeye hakuja, lori likafika. Nilihesabu katoni, zikatimia, nikasaini. Wiki mbili baadaye ikagundulika kwamba paleti mbili zilikuwa za bechi, yaani kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja, tofauti kabisa na ile iliyoandikwa kwenye hati. Nikapewa barua ya onyo. Mzee yule simlaumu, maana hakuna aliyemwambia kuwa kazi yake ni kunifundisha. Jalada nalo lilikuwa sahihi: suala la namba ya bechi lilikuwemo, katikati ya kurasa nyingi. Nilikuwa nimelisoma na kulitia saini.

Kwa hiyo ziweke slaidi kando kwanza. Chukua daftari, ukakae mlangoni pa kupokelea mizigo, na uorodheshe kazi. Ninaposema kazi simaanishi cheo. "Mtunza ghala" ni cheo. Kazi ni kitu chenye mwanzo na mwisho ambacho mtu anaweza kukifanya mbele yako ukakiona: kupokea mzigo, kuupanga rafuni, kukusanya bidhaa za oda, kufunga na kubandika lebo, kuingiza marejesho, kuhesabu mali iliyopo, kuendesha foklifti (gari la kunyanyulia mizigo), kufunga ghala jioni. Fanya hivyo kwa ghala, kwa madereva na kwa ofisi. Orodha ikikushinda wingi, umeingia kwenye vipande vidogo mno. Ikiwa na mistari mitano tu, umeandika vyeo.

Sasa chagua kazi moja na umtazame mtu anayeiweza vizuri kuliko wote. Usimuulize anafanyaje. Mtazame. Mzoefu amesahau mengi ya anayoyafanya, kwa kuwa mikono yake imeyachukua kutoka kichwani. Niliwahi kuandaa mafunzo ya kupokea bidhaa mahali fulani, nikamfuata mama mmoja ambaye mizigo yake haikuwa na malalamiko kamwe. Kabla ya kuhesabu paleti, alikuwa akiinama kidogo na kubonyeza katoni za chini kwa kiganja, moja huku, moja kule. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini umegusa hapo?" Akajibu, "Nimegusa wapi?" Hakuwa anajua! Alipoifanya tena polepole ndipo akacheka na kunieleza: katoni iliyonyeshewa njiani hukauka nje upesi, doa halionekani, lakini za chini hubaki laini. Ukiibonyeza inabonyea. Hilo halikuwa kwenye mwongozo wowote wa kampuni ile, na ndilo lililomtofautisha yeye na wengine.

Unachokiona kiandike kwenye karatasi moja yenye safu tatu. Safu ya kwanza, hatua: fungua lakiri ya lori (kifungio chenye namba kinachoonyesha kuwa mlango haujafunguliwa njiani), linganisha hati na mzigo, kagua katoni, hesabu, andika, saini. Safu ya pili, la kuzingatia katika hatua hiyo: namba ya lakiri ilingane na iliyo kwenye hati kabla haijakatwa, katoni za chini zibonyezwe, namba ya bechi isomwe kwenye kila paleti, isikisiwe kutokana na ya kwanza. Safu ya tatu, sababu. Safu hii ndiyo watu huiacha, nami nakusihi usiiache. Mtu asiyejua kwa nini namba ya bechi inasomwa kwenye kila paleti ataacha kuisoma siku ya kwanza yenye malori manne kwa pamoja. Anayejua kwamba kasoro ya bechi moja ikitokea utalazimika kurudisha bidhaa zote kwa kutojua zipi ni zipi, huyo ataisoma hata akiwa amechoka. Karatasi ikizidi kurasa mbili, kazi hiyo igawe.

Njia ya kufundishia kwa karatasi hiyo haihitaji kubuniwa upya. Charles Allen, aliyeshughulika na mafunzo ya wajenzi wa meli nchini Marekani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliigawa katika hatua nne. Vita vya Pili vilipofika, mafundi walikwenda jeshini na nafasi zao zikachukuliwa na watu ambao hawakuwahi kugusa mashine. Serikali ya nchi hiyo ikazifufua hatua zile na kuwafundisha wasimamizi wa viwanda jinsi ya kufundisha. Kati ya 1940 na 1945 wasimamizi zaidi ya milioni 1.5 walipitia masomo hayo, kila somo likiwa la saa 10 tu, vipindi 5 vya saa 2. Baada ya vita yakapelekwa Japani, na kampuni kama Toyota zikayashika na kuyajenga ndani ya utaratibu wao wa kazi. Kaulimbiu ya masomo hayo ilikuwa kwamba mfanyakazi asipojifunza, basi mwalimu hakufundisha. Ibandike ofisini kwako.

Hatua ya kwanza ni kumwandaa: mtulize, muulize anachokijua tayari kuhusu kazi hiyo, mweke mahali ambapo ataona mikono yako kwa upande ule ule atakaoutumia yeye, maana anayesimama mbele yako huona kila kitu kinyume. Hatua ya pili ni kumwonyesha, na unaonyesha mara tatu. Mara ya kwanza ukitaja hatua tu. Mara ya pili hatua pamoja na ya kuzingatia. Mara ya tatu hatua, ya kuzingatia na sababu. Inaonekana ni kumpotezea muda, lakini kichwa cha mgeni hakibebi vyote kwa safari moja.

Hatua ya tatu ni yake. Anafanya, wewe unatazama. Kwanza afanye bila kueleza, nawe umzuie kosa lisitokee. Kijana anayepokea paleti yake ya kwanza karibu kila mara huanza kuhesabu. Msimamishe pale pale, bila ukali, weka kidole kwenye hati na uulize, "Lakiri tumeshaiangalia?" Ukimwacha ahesabu mpaka mwisho ndipo umsahihishe, mikono yake imeshajifunza mpangilio usio sahihi, na kuufuta ni kazi kubwa kuliko kuuzuia. Akishaweza, arudie akitaja hatua. Kisha arudie akitaja ya kuzingatia. Kisha sababu. Hatua ya nne ni kumwachia kazi: mwonyeshe kwa jina nani wa kuulizwa akikwama, mpitie mara nyingi mwanzoni, kisha punguza kidogo kidogo mpaka usipite tena ila kama unavyompitia kila mtu.

Makosa ya wafunzaji wengi yanakaa kwenye hatua ya tatu. Wanaonyesha mara moja, wanauliza "Umeelewa?", mgeni anaitika "Ndiyo", wanaondoka. Lifute swali hilo kabisa ghalani kwako. Mtu mwenye siku mbili kazini, mbele ya msimamizi, atasema nini zaidi ya ndiyo? Mwambie: "Nionyeshe."

Kuhusu mpangilio wa kazi, kipi kitangulie kipi kifuate, wengi hufuata mkondo wa mzigo: anajifunza kupokea, kisha kupanga, kisha kutoa. Ni kosa la asili kabisa. Mwanaanthropolojia Jean Lave, miaka ya 1970, alikaa na mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, akiangalia wanagenzi wanavyopandishwa ngazi. Waliianza nguo kutoka mwisho wake: vifungo, pindo, kumalizia. Kisha kushona. Kukata kitambaa kulikuja mwisho. Ukishona vibaya unafumua. Ukikata vibaya kitambaa kimeharibika. Tena mwanagenzi aliyekwisha kumalizia nguo nyingi amejionea zinavyoungana, kwa hiyo anapoanza kukata anajua anakata kitu cha kwenda wapi. Ghalani kwako kazi ya kukata ni kupokea. Kosa la kupokea linaingia kwenye kumbukumbu zote na kutembea mpaka kwa mteja. Kwa hiyo mgeni aanze kufunga na kubandika lebo, ambako kosa linaonekana na kurekebishwa papo hapo. Kisha akusanye oda huku mwenzake akihakiki. Kisha apange rafuni. Mlangoni pa kupokelea aje mwisho, akiwa ameshayaona madhara ya mapokezi mabaya kwa macho yake. Foklifti ina njia yake peke yake: hagusi usukani kabla ya mafunzo na mtihani wa vitendo, hata kama anasema aliendesha alikotoka.

Usalama hausubiri zamu. Taasisi ya utafiti wa kazi na afya ya Toronto, nchini Kanada, imeonyesha kwamba mfanyakazi aliye katika mwezi wake wa kwanza ana hatari ya kuumia kiasi cha kukosa kazi zaidi ya mara tatu ya yule aliyepita mwaka. Mara tatu! Ndiyo maana saa za kwanza za siku ya kwanza ni za usalama, na zinafanyika kwa miguu, sio kwenye viti. Tembea nao. Waonyeshe njia za foklifti na wapi mtu hapaswi kukatisha. Wasukume mlango wa dharura kwa mikono yao waone unafunguka upande gani. Kila mmoja atoe kizimamoto ukutani ahisi uzito wake. Waonyeshe sanduku la huduma ya kwanza na waambie nani mwenye ufunguo, au bora lisifungwe. Kanuni za nchi yako zitakuwa na orodha yake, izingatie, lakini kumbuka pia Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981: unataka wafanyakazi wapewe mafunzo yanayofaa ya usalama na afya, na unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Buti na fulana za kuakisi zisikatwe kwenye mshahara.

Baada ya usalama, siku hiyo hiyo, jibu yale mambo madogo ambayo mgeni anaona haya kuuliza: choo kiko wapi, watu wanakula wapi na saa ngapi, mshahara unaingia tarehe ngapi, ukiugua unampigia nani, nani anaidhinisha ruhusa. Kisha afanye kazi ndogo ya kweli, hata kubandika lebo 20, ili akirudi nyumbani na kuulizwa "umefanya nini leo?" awe na jibu. Historia ya kampuni ipeleke wiki ya nne. Wakati huo ina maana kwao, kwa sababu ni historia ya mahali wanapopajua.

Mengine yote yasambaze. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea mapema sana, na kwamba marudio yaliyoachiana nafasi hushinda yale ya mfululizo. Kuna utafiti mmoja ninaoupenda zaidi kwa kuwa ni wa kazini hasa. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Alan Baddeley na mwenzake walichapisha matokeo ya mafunzo ya kuchapa kwa mashine waliyopewa wafanyakazi wa posta Uingereza. Kundi moja lilijifunza saa 1 kwa siku, mengine saa 2, na moja saa 4. Waliojifunza saa 1 kwa siku ndio walioupata ustadi kwa jumla ndogo zaidi ya saa za mazoezi. Lakini hao hao ndio walioridhika kidogo kuliko wote, kwa sababu waliona siku zinakwenda na wenzao wanawatangulia. Mweleze mkurugenzi sehemu zote mbili. Mafunzo ya mkupuo yanawapendeza walioyapata na walioyaandaa. Yaliyosambazwa ndiyo yanayobaki mikononi.

Kwako hilo ni nusu saa kila asubuhi kabla malori hayajaanza kufika, kwa wiki sita. Dakika kumi za kwanza usifundishe jipya. Uliza la jana na la juma lililopita, wajibu bila kutazama karatasi. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilijaribu hilo mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo. Baada ya dakika 5, waliosoma tena andiko walikumbuka zaidi kuliko waliojipima. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ghala linahitaji kumbukumbu ya baada ya wiki.

Nani atafanya haya yote? Huwezi peke yako, na hapa ndipo mipango mizuri hufia. Kila mgeni anahitaji mlezi, mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Usimchague aliye na kasi kuliko wote. Wenye kasi mara nyingi hawana subira, na wengi wao wameruka hatua. Chagua anayeifanya kazi kwa utaratibu na asiyewaumbua watu. Ukiwa na wapya 8, tafuta walezi wanne angalau, kila mmoja asilee zaidi ya wawili. Wafundishe wao kwanza zile hatua nne, kwa vitendo, kila mlezi akifundisha kazi moja mbele ya wenzake. Kisha, na hili ulipiganie mpaka mwisho mbele ya mkurugenzi, wapunguziwe kiwango cha kazi kwa muda wanaolea. Mlezi anayetakiwa kutimiza oda zile zile huku akifundisha atachagua oda, na mimi ningefanya hivyo pia. Ukiweza kupata posho ndogo, vizuri. Usipoweza, angalau ulezi uandikwe kwenye tathmini yake ya mwaka, ili upandishaji cheo uuone.

Kwa walezi weka sharti moja la tabia: swali la mgeni halichekwi, na kosa lililoripotiwa na mwenyewe haliadhibiwi katika muda wa mafunzo. Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza vikosi vya wauguzi hospitalini miaka ya 1990, alitarajia vikosi bora viwe na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaonyesha vikosi vyenye uongozi mzuri vina makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipochimba akaona sababu: kule watu walithubutu kusema. Kwingine makosa yalifichwa. Barua yangu ya onyo ilinifundisha kitu kimoja tu, kunyamaza, na nilichukua muda mrefu kukiacha.

Nadhani hapo pia ndipo lilipo jibu la wale wanaoacha kazi. Siwajui, lakini kaa na kila mgeni dakika kumi mwisho wa wiki ya kwanza, ya pili na ya sita, uulize maswali mawili: nini bado hukiwezi, na nani anakusaidia? Anayekosa jina la kutaja kwenye swali la pili huyo yuko njiani kuondoka.

Wapo pia wasiosoma vizuri, na hawatakwambia. Karatasi za hatua ziwe na picha zilizopigwa humo humo ghalani kwako, na mtihani uwe wa vitendo kwa kila mtu, ili asiaibike yeyote.

Tuje kwa waliopo. Hapa nakuomba subira kabla ya kuandaa somo lolote. Wataalamu wa mafunzo Robert Mager na Peter Pipe, mwaka 1970, walipendekeza swali linalokata kama kisu: je, mtu huyu angeweza kuifanya kazi hii vizuri kama uhai wake ungetegemea hilo? Ikiwa angeweza, basi haja yake si mafunzo. Niliwahi kuitwa kufundisha upya wakusanyaji wa oda ambao hawakuwa wakisoma msimbo pau wa bidhaa, wanachukua kwa macho tu, na makosa yanaongezeka. Nilipokaa nao asubuhi moja nikaona visomeo ni viwili kwa watu saba. Walijua kabisa. Walikuwa wakichagua kati ya kusubiri kisomeo na kugombezwa kwa kuchelewa. Nilimwambia mwenyeji wangu anunue visomeo na ahifadhi fedha za mafunzo. Kwa hiyo kwa kila tatizo la wazoefu pita kwanza hapa: wana vifaa? Wanajua kiwango kinachotakiwa? Kuna kinachowaadhibu wakifanya vizuri, kwa mfano anayemaliza mapema kuongezewa ya mwenzake? Kitakachobaki baada ya chujio hilo ndicho cha kufundisha, na mara nyingi ni kidogo.

Kwa hicho kinachobaki chora jedwali la ujuzi. Majina yashuke upande wa kushoto, kazi zile ulizoorodhesha zipite juu. Kwenye kila kisanduku andika 0 kama hajawahi, 1 anaifanya akisimamiwa, 2 anaifanya peke yake, 3 anaweza kuifundisha. Libandike watu walione, baada ya kukubaliana na kila mmoja namba zake. Kisha lisome kwa safu za kazi badala ya majina. Nina hakika utakuta kazi mbili au tatu zenye 2 moja tu, yaani mtu mmoja akiugua kazi hiyo inasimama. Hizo ndizo za kwanza kufundishwa, hata kama hakuna aliyelalamika. Zile zisizo na 3 hata moja zinakuambia walezi wapya watoke wapi. Na mzoefu anayetaka kukua sasa anaona njia: anaweza kukuambia nataka kile kisanduku kiwe 2 kufikia mwisho wa robo mwaka.

Mkurugenzi atataka ushahidi, na ni haki yake. Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika mwaka 1959 juu ya ngazi nne za kupima mafunzo: walipenda, walijifunza, wamebadili utendaji, kuna matokeo. Dodoso la "mafunzo yalikuwaje?" linaishia ngazi ya kwanza, na umeshaona kwa wafanyakazi wa posta kwamba kuridhika kunaweza kwenda kinyume na kujifunza. Chukua takwimu tatu ambazo bila shaka tayari unazo: oda zilizorudishwa kwa kosa letu, tofauti kati ya hesabu ya rafuni na ya kwenye kompyuta, na wapya wangapi bado wapo baada ya miezi mitatu. Zichukue sasa, kabla ya kuanza, za miezi sita iliyopita. Ukisubiri mpaka mafunzo yaishe hutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Fomu ya kusaini usiitupe. Igeuze. Badala ya "nimesoma na kuelewa", iwe na mstari kwa kila kazi: tarehe aliyoonyeshwa, tarehe aliyofanya akisimamiwa, tarehe alipoachwa peke yake, na saini tatu kwenye hiyo ya mwisho, yake, ya mlezi na yako. Mlezi akijua kwamba saini yake inasema "mtu huyu nimemwona akiifanya," atatazama mara mbili kabla ya kushika kalamu. Mwingine atakuwa na saini zote wiki ya tatu, mwingine wiki ya nane. Waache watofautiane.

Kwa muda ulionao hutaweza kuandika karatasi za kazi zote. Andika tano: zile ambazo wapya 8 watazigusa wiki mbili za kwanza, pamoja na kupokea mzigo, kwa kuwa ndiyo yenye hasara kubwa. Nyingine walezi wataziandika pamoja nawe kadiri mnavyokwenda. Na ukimaliza ya kwanza, kabla hujaichapa, mwite mtu wa ofisini ambaye hajawahi kupokea mzigo maishani. Mpe karatasi, mpeleke mlangoni, aifuate neno kwa neno kwa mzigo wa kweli huku yule mzoefu yuko pembeni kwa usalama, nawe ukae kimya na daftari lako. Kila atakaposimama na kukutazama, weka alama kwenye mstari huo. Hiyo ndiyo mistari ya kuandika upya jioni hiyo.